Kunjua sanduku kabla ya kununua bati

Haya ni maneno ya mkufunzi wa ufundi wa mabati katika siku ya wazi ya chuo cha ufundi cha wadi, mbele ya wazazi, vikundi vya wafugaji na vijana wanaojifunza. Wakazi kadhaa waliomba yachapishwe ili wabaki na hesabu zake. Tumeyaacha kama alivyoyasema, ila tumepunguza salamu.

Mheshimiwa Mwakilishi Wadi, Bwana Msimamizi wa Wadi, mzee wa kijiji, akina mama na akina baba wa vikundi, wazazi wangu, na ninyi vijana mliosimama kule nyuma kana kwamba hamkualikwa: hamjambo? Sogeeni mbele, maana leo nimekuja na mkasi na boksi la viatu, na anayekaa nyuma hataona kitu.

Katiba ya mwaka wa 2010 iliviweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa kaunti. Maana yake chuo hiki ni chenu. Mzazi ana haki ya kuuliza mtoto wake anafunzwa nini, na mfugaji ana haki ya kuja hapa na swali lake hata kama hana mtoto hapa. Swali ambalo limeniletea watu wengi zaidi mwaka huu ni moja: “Mwalimu, fundi ameniambia hori yangu itakula bati zima. Ni kweli?” Wengine wanaleta makadirio ya bei ya laina ya plastiki ya bwawa, wakiwa wamekasirika, wakisema wameibiwa. Mara nyingine wameibiwa kweli. Mara nyingine mfanyabiashara ni mwaminifu kabisa, na ni mteja tu ambaye hakuambiwa hesabu ilivyopigwa. Nataka tukitoka hapa kila mtu aweze kutofautisha.

Hili hapa ni boksi la viatu. Kifuniko nimekitupa kando. Nakata pembe hii moja kutoka juu mpaka chini, kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Sasa nalilaza. Mnaona? Kuta zimelala chini na boksi limekuwa kama msalaba: katikati ni sakafu, na kila upande wa sakafu kuna ukuta mmoja. Sikuongeza karatasi wala sikupunguza. Mchoro huu wa sanduku lililokunjuliwa wanafunzi wanauita neti, au wavu ukipenda, ingawa haushiki samaki. Wazo lenyewe ni la zamani. Albrecht Dürer, mchoraji wa Ujerumani, alichapisha mwaka wa 1525 kitabu cha vipimo chenye maumbo yaliyokunjuliwa namna hii hii. Lakini fundi wa Kamukunji kule Nairobi anayetengeneza masanduku ya shule hahitaji kumjua Dürer. Anachora wavu kwa msumari juu ya bati kila asubuhi.

Hesabuni vipande. Sakafu moja, kuta ndefu mbili, kuta fupi mbili. Vitano. Sanduku lenye kifuniko lina sita. Hapo ndipo pesa za watu zinapotelea kwanza, kwa sababu watu wengi walikariri shuleni kanuni ya sanduku lililofungwa, wakaitumia kwa kila kitu. Hori haina kifuniko. Karai la mstatili halina kifuniko. Tangi la wazi, bwawa, trei ya kuokea mikate, vyote havina. Ukiona hesabu ya kitu kilicho wazi ina vipande sita, uliza cha sita kinaenda wapi.

Tuchukue hori ya kunyweshea ng'ombe. Urefu wake sentimita 120, upana 40, kina 30. Itabeba lita 144 ikijaa pomoni. Sasa tuikunjue.

Sakafu ni 120 kwa 40, yaani sentimita za mraba 4,800. Ukuta mrefu ni 120 kwa 30, yaani 3,600, na ziko mbili, kwa hiyo 7,200. Ukuta mfupi ni 40 kwa 30, yaani 1,200, na ziko mbili, kwa hiyo 2,400. Jumlisha: 14,400. Hiyo ni mita ya mraba moja na pointi nne nne. Ukihesabu kama sanduku lililofungwa ungeongeza sakafu nyingine hewani na kupata 19,200. Bati hilo la ziada lingelipiwa na nani? Na wewe.

Kuna njia ya mkato ambayo mafundi wa plasta wanaipenda. Zunguka sanduku kwa futi: 120, 40, 120, 40, jumla 320. Zidisha kwa kina, 30, upate 9,600. Hizo ndizo kuta zote nne kwa pamoja, kama ukanda mmoja mrefu uliozungushwa. Ongeza sakafu 4,800, unarudi pale pale 14,400. Kwa tangi la saruji la mita 3 kwa 2, kina mita moja na nusu, mzunguko ni mita 10, kuta ni mita za mraba 15, sakafu 6, jumla 21. Hiyo ni plasta ya ndani tu. Na mwambieni fundi awaandikie sakafu na kuta mbali mbali, kwa sababu sakafu huwekwa unene tofauti.

Turudi kwenye bati, maana hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu.

Bati bapa, lile lisilo na mawimbi, linauzwa futi 8 kwa futi 4. Kwa sentimita ni karibu 244 kwa 122, pungufu kidogo sana. Eneo lake linakaribia 29,768. Hori yetu ni 14,400. Hori mbili ni 28,800. Kwa hesabu ya eneo, bati moja linatoa hori mbili na linabaki kidogo. Mteja anafurahi, anakwenda kwa fundi, fundi anamwambia: “Haiwezekani, bati moja hori moja.” Ugomvi unaanza. Nani anasema kweli?

Tuchore. Wavu wetu wa msalaba una urefu wa 120 na kuta fupi mbili zilizolala kwenye ncha, 30 na 30, jumla 180. Upana wake ni 40 na kuta ndefu mbili, 30 na 30, jumla 100. Weka msalaba wa 180 kwa 100 juu ya bati la 244 kwa 122. Unaingia mmoja. Wa pili hauingii, geuza utakavyo. Na kilichobaki ni zaidi ya nusu ya bati, ila kimekatika vipande: kipande cha 64 mwishoni, ukanda mwembamba wa 22 kandoni, na miraba minne ya 30 kwa 30 kwenye pembe za msalaba. Kwa hiyo fundi hakudanganya. Eneo linakuambia bati kiasi gani litakuwa kwenye hori. Halikuambii litatokaje kwenye bati. Hilo unaambiwa na mchoro.

Lakini fundi naye hajamaliza kufikiri. Nani amesema wavu lazima uwe msalaba? Chukua mkasi, zitenganishe kuta fupi na sakafu. Sasa una ukanda mmoja wenye sakafu katikati na kuta ndefu pembeni, 120 kwa 100, na vipande viwili vya 40 kwa 30. Eneo ni lile lile, 14,400. Laza kanda mbili kwa urefu wa bati: 120 na 120 ni 240, zinaingia. Kandoni inabaki nafasi ya sentimita 22. Kuta fupi ni 40 kwa 30. Haziingii kwenye 22 hata kwa kusukuma. Kijana wa kwanza hapa chuoni huwa anaacha hapo na kuandika “haiwezekani”.

Kijana wa pili anageuza. Laza kanda kwa upana wa bati, 120 ndani ya 122. Ukanda wa kwanza unakula 100 ya urefu, wa pili 100 nyingine. Inabaki nafasi ya 44 kwa 122. Kuta fupi ni nne kwa hori mbili. Zipange zikiwa zimesimama, 40 ndani ya 44, na 30 mara nne ni 120 ndani ya 122. Zimeingia zote! Bati lile lile, hori zile zile, na sasa ni mbili.

Kwa kikundi cha watu kumi wanaotaka hori kumi, hiyo ni mabati kumi au mabati matano. Msiniulize bei ya bati, inabadilika na dukani mnaijua kuniliko. Zidisheni wenyewe mkifika nyumbani.

Ila sitaki mtoke hapa mkamvamie fundi. Msalaba una sifa yake. Ukiukunja, unaunga pembe nne tu, kila moja sentimita 30, jumla sentimita 120 za mshono. Ukitumia ukanda, kila ukuta mfupi unaungwa pande tatu, 30 na 40 na 30, na ziko mbili, kwa hiyo sentimita 200. Mshono ndipo maji yanapovujia. Pia ndipo kutu inapoanzia, kwa sababu moto wa kuchomelea unaunguza zinki iliyolikinga bati. Umepunguza bati, umeongeza mshono. Kwa maoni yangu, kikundi chenye fundi mzuri kichague ukanda. Anayetengeneza hori moja tu, na ana matumizi ya vile vipande vitakavyobaki, akate msalaba na alale usingizi.

Na kuhusu kuunga, niseme mawili, kwa sababu yanahusu afya. La kwanza, moshi wa bati lenye zinki likichomelewa unaleta homa. Fundi afanye kazi nje penye upepo, na watoto wasikae karibu kutazama cheche. La pili, hori ya mifugo isiungwe kwa risasi. Jina lenyewe linakuonya. Risasi ni sumu kwa ng'ombe kama ilivyo sumu kwetu, na ng'ombe hulamba. Afadhali mshono wa kukunja, kingo mbili zikumbatiane na kupigwa nyundo.

Mshono huo unahitaji bati la ziada, na hapa mchoro wetu unabana. Katika mpangilio wa kanda mbili, kila ncha imebaki na karibu milimita 9 za ukingo. Kwa kuchomelea zinatosha. Kwa mshono wa kukunja hazitoshi. Punguza hori kidogo: urefu uwe 118 badala ya 120, kina kiwe 29 badala ya 30. Sasa kila ncha ya ukanda ina karibu sentimita mbili za kukunjia, na hori inabeba karibu lita 137. Umepoteza lita saba ukapata mshono usiovuja. Mimi ningekubali biashara hiyo bila kufikiri mara mbili.

Mwenye mbuzi na ndama ataniambia kina cha 30 ni kirefu. Sawa. Fanya urefu 120, upana 60, kina 20. Kunjua: sakafu 7,200, kuta ndefu 4,800, kuta fupi 2,400. Jumla 14,400 tena! Na lita ni 144 tena. Hizo mbili kwa nadra hulingana zote pamoja, lakini hapa zimelingana. Kilichobadilika ni uso wa maji ulio wazi kwa jua, umepanda kutoka 4,800 hadi 7,200. Maji yatakauka haraka zaidi, kwa hiyo hori ya namna hii iwekwe chini ya mti.

Sasa laina ya bwawa, maana naona akina mama wa kikundi cha samaki wananitazama.

Mna tangi la matofali, kuta zimesimama wima, mita 10 kwa 5, kina mita moja. Kunjua: sakafu 50, kuta ndefu 20, kuta fupi 10. Jumla mita za mraba 80. Mnakwenda dukani mkiwa na 80 kichwani, mnapewa makadirio ya mita za mraba 104. Je, mmeibiwa?

Chora. Laina haikatwi pembeni kama bati. Ukiikata pembe umejitengenezea tundu. Inashuka ukutani ikiwa nzima, na pembeni inakunjwa kama unavyokunja shuka kwenye pembe ya godoro. Kwa hiyo hamnunui msalaba, mnanunua mstatili mzima unaouzunguka msalaba: 10 na kuta mbili za mita moja ni 12, na 5 na kuta mbili ni 7. Mita 12 kwa 7 ni 84. Ile miraba minne ya pembeni, ambayo kwenye bati ni mabaki, hapa ndiyo mikunjo. Kisha laina lazima ipande ukingo wa tangi na kushikwa kwa mawe au kufukiwa. Weka nusu mita kila upande: 13 kwa 8. Zidisha: 104. Mfanyabiashara huyo ni mwaminifu, mshukuruni.

Lakini akija mwingine na 130, kaeni chini naye. Nambari hiyo inatoka wapi? 80 na 50. Amehesabu sakafu mara mbili, yaani amelifunika bwawa lenu kwa kifuniko ambacho hamtakiona. Huenda ni kukosa kujua, huenda ni tamaa, na si kazi yangu kuamua. Kazi yenu ni kuuliza kipande cha sita kiko wapi kabla ya mweka hazina kutoa pesa. Kikundi kimoja kilileta makadirio ya namna hiyo hapa karakana, na tulipochora wavu juu ya meza, muuzaji mwenyewe aliyepigiwa simu alishusha hesabu bila ubishi.

Kama bwawa lenu ni la kuchimba na kuta zake zimeinama, msitumie hesabu hii kama ilivyo. Kuta za namna hiyo zikikunjuliwa si mstatili tena, juu ni ndefu kuliko chini. Kwa laina, laza futi ardhini lianzie ukingo mmoja, lishuke mteremko, lipite sakafu, lipande upande wa pili, halafu fanya hivyo hivyo kwa upana, na uongeze za kushikia pande zote. Futi litakuwa limekunjua bwawa kwa niaba yako.

Jambo la mwisho ni la vijana, ila wazazi wasikilize. Msikate bati kabla ya kukata karatasi. Chukueni ukurasa na mfanye sentimita moja iwe sentimita kumi. Bati zima linakuwa mstatili wa sentimita 24.4 kwa 12.2, linaenea kwenye karatasi ya kawaida ya ofisini. Kateni kanda za 12 kwa 10 na vipande vya 4 kwa 3, kisha mvisogeze juu ya ule mstatili mpaka vikae. Karatasi ikikosewa unatupa. Kila kipande kiandikwe jina lake: sakafu, ukuta mrefu, ukuta mfupi. Na mteja akija, mwonyesheni hiyo karatasi kabla ya kumtajia bei. Mteja aliyeona mpangilio kwa macho yake habishani sana, na akibishana mna cha kumwonyesha.

Pale mezani, kando ya mlango wa karakana, kuna rula, mikasi na karatasi zilizokwisha kukatwa kwa kipimo cha bati. Mwenye hori, tangi, trei au bwawa anieleze urefu, upana na kina. Tutaanza na akina mama wa samaki, kwa sababu wanasema muuzaji wao anawasubiri leo jioni.